Keekee ya Bibi

Juzi nilikuwa Nyakanazi nangoja basi la kunipeleka Ngara. Wanaonifahamu hawatashangaa, maana mguu wangu haujawahi kutulia. Nimeuza vitenge Kahama, nimepika chakula cha madereva pale mpakani, na kila nikipanga chumba majirani huniuliza nitahama lini. Basi lilichelewa. Nikala maharage na chapati kibandani, kisha nikazunguka nyuma ya kituo cha mafuta, mahali vijana wanaponunua vyuma chakavu. Pale, kati ya rimu za baiskeli na sufuria zilizotoboka, nikakiona kitu kimelala ubavu, pua mbele na mkia nyuma. Nikasimama. Puani mwangu, nakuapia, kulikuja harufu ya maharage mengine kabisa, ya chungu cha bibi yangu.

Nilikulia kwa bibi, upande wa Nemba, katika kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa mistari miwili kama wanafunzi paredini. Mama alikuwa ameolewa tena huko Ngara, baba alikwenda vitani na wanamgambo wenzake, na nyumbani tukabaki wawili, mimi na bibi. Nilikuwa darasa la tatu. Asubuhi nilichota maji kabla ya kengele ya shule, jioni nilichambua maharage kwenye ungo huku bibi akimenya ndizi kwa kisu kilicholika kikabaki chembamba kama jani. Sabuni haikuwepo, chumvi ilikuja kwa bahati, lakini maharage hatukuyakosa.

Miezi ile magari ya jeshi yalipita barabara kuu kuelekea kaskazini, na mvua iliponyesha yalikwama. Siku moja, baada ya lori kukwamuliwa na kuondoka, bibi alirudi kutoka kukata majani ya mbuzi akiwa na kitu alichokiokota mtaroni. Kilikuwa cha chuma, kizito, tumbo nene, mdomo mfupi uliochongoka, shikio la kushika kwa mkono mmoja, na waya mrefu uliotokea nyuma. Alikigeuza, akakitazama, akasema, "Kiguruwe hiki. Hata mkia kinao." Basi jina likawa hilo. Kiguruwe kilipata kazi siku hiyo hiyo: kukaa juu ya jani la mgomba lililofunika chungu cha maharage, ili mvuke usitoroke. Bibi alisema tangu akipate, maharage yanaiva kabla kuni hazijaisha. Mbuzi naye aliutafuna mkia akabakiza nusu.

Vita vilipokwisha, mkutano wa kijiji ukaitishwa. Mwenyekiti akatangaza kwamba mwenye silaha iliyoachwa na askari aisalimishe, na atakayeficha atapelekwa wilayani. Bibi alipiga makofi kama wenzake. Silaha yeye angeitoa wapi?

Kamanda wa mgambo wa kijiji chetu alikuwa kijana mwenye bidii ambaye hakuchaguliwa kwenda vitani, na jambo hilo lilimuuma. Akapita nyumba kwa nyumba. Kwetu alifika Jumatano, saa ya chakula. Akasalimia vizuri, "Shikamoo bibi," akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kigoda. Bibi alipoondoa kiguruwe ili apakue, kamanda akasimama ghafla hata kigoda kikaanguka.

"Bibi! Weka chini! Weka chini porepore!"

Kwetu wengi tulichanganya r na l, na hofu huzidisha.

"Niweke chini nini? Maharage?"

"Hiyo siraha!"

Nami sasa nikitazama, naona kwa nini. Kilikuwa na shikio kama la bastola, na kwenye shikio palikuwa na kitu cha kuvuta kwa kidole. Lakini kilichomaliza kesi nilikuwa mimi. Ubavuni palikuwa na kibati kidogo chenye maandishi ambayo masizi yalikuwa yameyafunika. Kamanda hakuwa msomaji, akaniambia nisome. Nikapangusa kwa gauni. Mengi yalikuwa yamefutika, ila herufi tatu zilibaki. Nikasimama wima kama mbele ya mwalimu, nikazitaja kwa sauti ya kujivuna: "Ru! Pu! Mu! R, P, M!"

Kamanda akashika kichwa. "Mnasikia? Kuna SMG, kuna LMG, kuna RPG. Hii ni RPM. Sijui hata wenyewe walioitengeneza kama waliiona ikipikiwa maharage!"

Jioni ile habari ilikuwa imefika mstari wa pili wa nyumba. Mwenyekiti akaja, akakitazama kwa mbali, akasema kwa masikitiko kwamba yeye hana la kufanya: Jumatatu bibi atapelekwa wilayani pamoja na kitu chake. Bibi aliniita, akanionyesha debe la unga lilipo, akaniambia mbuzi asifungwe karibu na migomba. Nikaelewa. Kama bibi akienda na asirudi, mimi sina mtu. Na aliyesoma zile herufi nilikuwa mimi.

Aliyekuja kutuokoa alikuwa jirani yetu Msukuma, aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Bibi, ambaye ni Msubi, na yeye walitaniana kutwa. Kabla ya kugeukia ng'ombe, alikuwa kibarua katika kiwanda cha kuchambua pamba Mwanza, kwenye umeme. Ijumaa alisukuma mlango wetu bila kubisha.

"Nimesikia Wasubi mmeanza kupika kwa mabomu."

"Ingia ulipuke," bibi akamjibu. Hakucheka.

Kamanda alikuwa amekiacha kiguruwe pale pale chini ya ungo, na kukataza mtu yeyote asikiguse. Jirani akaufunua ungo, akakitazama, akachuchumaa, akakiinua mikononi kama mtu anayepima kuku. Kisha ule utani ukamtoka usoni.

"Mama, hii ni keekee."

Keekee tuliijua. Seremala wa kijiji alikuwa nayo ya mkono, ya kuzungusha kwa kukandamiza kifua. Hii haikufanana nayo hata kidogo.

"Ya umeme," akasema. "Njoo mtoto, uone." Akanionyesha pale mdomoni kuna taya tatu ndogo zinazofunga na kufungua, za kuuma msumari wake wa kutobolea. "Bunduki ina tundu. Hii tundu lake liko wapi? Risasi itapitia wapi, masikioni?" Akauzungusha mdomo kwa vidole, ndani yake kukasikika krr, krr, ya meno yanayopishana. Akautikisa juu chini, haukucheza. Halafu akafanya jambo ambalo sijalisahau: akaweka pua kwenye matundu ya ubavuni, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

"Mota ikiungua inatoa halufu ya pembe ya ng'ombe iliyochomwa. Hii hainuki pembe." Akanusa tena. "Inanuka maharage. Imekosa vitunguu."

Hapo bibi akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano.

Kamanda hakukubali. Alisema Msukuma ni jirani wa mshitakiwa na amekula maharage yale yale. Mwenyekiti akafikiri, akatoa hukumu ambayo kijiji kizima kiliirudia kwa miaka: "Kama ni keekee, itoboe."

Umeme ulikuwa mahali pamoja tu, misheni, kwenye jenereta iliyowashwa Jumamosi asubuhi kupandisha maji tangini. Tukaenda kwa miguu tangu alfajiri. Mbele kamanda amekibeba kile chuma kwenye ungo wa bibi, mikono imenyooshwa mbali na mwili, nyuma mwenyekiti, bibi katika kitenge chake cha kanisani, jirani, mimi, na msururu wa watu ambao ghafla wote walikuwa na shida misheni. Bruda aliyesimamia karakana alikuwa safarini Bukoba. Tulimkuta mzee wa jenereta, mtu mpole, naye akasema swichi yake hainyimi mtu, tena msumari wa kutobolea upo.

Jirani akaumenya ule waya uliotafunwa na mbuzi, akausokota, akaubana kwenye swichi, akaufunga msumari mdomoni. Akaokota ubao karakanani, akauweka juu ya mawe mawili. Watu wakarudi nyuma. Akavuta kidole.

Kimya. Jenereta tu ndiyo ilinguruma.

Akavuta tena. Kimya. Kamanda akamtazama mwenyekiti. Bibi alikuwa ameshika mkono wangu, akaubana hata vidole vikafa ganzi. Nilitamani kuzirudisha zile herufi mdomoni nizimeze.

Jirani akaomba dakika. Akauchomoa waya, akafungua vifuniko viwili vidogo ubavuni na kutoa vijiwe viwili vyeusi, ambavyo alisema vinaitwa kaboni, na ndivyo vinavyopeleka umeme kwenye mota. Kimoja kilitoka chenyewe. Cha pili kilikuwa kimeganda kwenye tundu lake. Akakikwangua kwa kisu, akakileta karibu na macho, akaangua kicheko.

"Mama wewe! Ni mchuzi! Mchuzi wa maharage umekauka humu!"

Akakisugua kwenye jiwe, akakipulizia, akavirudisha vyote viwili, akauunga waya tena. Akavuta kidole.

Sijui nikuelezeje mlio ule, mimi ambaye mashine pekee niliyoijua ilikuwa ya kusaga. Ililia, ikatoa cheche za buluu, na unga wa mbao ukaruka kama pumba kwenye upepo. Nilipotazama pembeni, kamanda alikuwa amelala kifudifudi majanini, mikono kisogoni, kama alivyofundishwa. Bibi akamsogelea, akamgusa begani.

"Amka mwanangu. Imetoboa ubao, haikukutoboa wewe."

Hatukumcheka sana. Bibi alikataza. Alisema kijana huyu amevingoja vita vyake muda mrefu.

Jumatatu haikumpeleka bibi popote. Iliniletea mimi jibu, maana nilimuuliza mwalimu, naye akasema herufi zile ni kifupi cha Kiingereza, maana yake ni mizunguko kwa dakika. Nilipomweleza bibi, hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe ulisoma ukaishia mlangoni. Kutaja herufi ni kubisha hodi, mwanangu. Mwenye nyumba yuko ndani." Wiki ile ile akajiandikisha kisomo cha watu wazima, yeye ambaye alikuwa amekikwepa kwa kusingizia macho. Neno la kwanza alilolitaka aliomba mwenyewe, na mwalimu alifurahi kwa sababu ni rahisi, herufi mbili tu zinazorudiwa. Akaliandika kwa mkaa kwenye ule ubao tuliorudi nao, chini ya tundu: KEEKEE. Ubao ukatundikwa juu ya mlango wetu.

Kiguruwe chenyewe kilitangazwa kuwa mali ya kijiji, kikafungiwa stoo kwenye gunia, kingojee umeme utakapofika. Kila mkutano kulikuwa na mtu wa kuuliza kama kiko salama, na mwenyekiti alijibu kipo. Tulikuwa kijiji kisicho na hata taa ya karabai, lakini tulikuwa na keekee ya umeme, na tuliingojea siku yake pamoja. Leo nguzo zimefika. Nimeziona, moja imesimama palepale palipokuwa na jiko la bibi. Stoo ilishabomoka, gunia hakuna anayelijua, jirani alihama na ng'ombe wake, na ubao nasikia uligeuzwa kuni wakati mimi niko Kahama. Umeme umefika, ila waliokuwa wakiungoja hawapo.

Ile ya Nyakanazi haikuwa yetu. Shikio lake ni la plastiki. Hata hivyo niliiinua, nikauzungusha mdomo, nikaweka pua kwenye matundu. Pembe iliyochomwa.

"Mama, unanusa nini?" kijana wa vyuma akaniuliza.

"Imeungua," nikamwambia. Akakubali kwa kichwa, akaendelea kunitazama kama mganga. Nikaiweka chini, na kwenye vumbi la mgongo wake nikaandika kwa kidole. Akainama akasoma kwa sauti, vizuri kabisa, kama mtu aliyekwenda shule.

"Keekee. Keekee ndiyo nini, mama?"

Kule barabarani basi la Ngara lilikuwa limefika, kondakta anapiga kelele. Nilikishika kibegi changu. Kisha nikakiweka chini, nikavuta ndoo iliyopinduliwa, nikakaa.

"Kulikuwa na chungu cha maharage," nikamwambia.