Ng'ombe Wangu na Polishi ya Njisi

Niliitwa niende kijijini Busale, kwa baba, nikatoe ruhusa ng'ombe auzwe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mahari yangu. Mdogo wangu wa kiume alitaka auzwe ili alipie mafunzo ya kung'arisha magari. Nilicheka mbele ya mjumbe aliyeleta habari, nikampa chai na ndizi, akaondoka akidhani nimefurahi. Alipopotelea kwenye migomba nilikaa kizingitini.

Ng'ombe alikuwa mmoja tu, jike jeusi lenye baka jeupe kifuani, maana mwanamume aliyenioa kule Ikolo hakuwa na zaidi na baba si mtu wa kukamua watu. Kwetu ng'ombe wa binti hukaa zizini akingoja kutolewa mahari kaka au mdogo wake anapooa. Lakini anangoja na jambo lingine, ambalo siku ya harusi hakuna anayelitaja. Binti akishindwa ndoa na kurudi kwao, ng'ombe naye hurudishwa alikotoka. Ng'ombe akiwa hayupo, binti atapokelewa, atakula, atalala siku mbili tatu, kisha wazee watamsindikiza kwa mumewe kwa maneno matamu. Nilikuwa nimeona wenzangu wakisindikizwa hivyo.

Na mimi nilikuwa nimeshaamua kurudi. Mume wangu alikuwa ananipiga. Mwanzoni alinipiga akiwa amelewa, baadaye hata bila pombe, akisema nimemlia ng'ombe wake bure na tumbo langu tupu halioni aibu. Sikumwambia mtu. Nina kiburi, na sikutaka wanawake wa Ikolo wanionee huruma kisimani. Nilijiambia kwamba tukishavuna mpunga naondoka, na wala sitageuka nyuma. Sasa mtu anakuja kuniambia ng'ombe auzwe kwa ajili ya polishi.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya ruksa. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalianza kutundika vitenge na redio, na magari ya Kijapani yaliyokwishatumika yakawa yanapita kila siku kwenda na kurudi mpakani, tope mpaka madirishani. Mdogo wangu aliona yale magari akaacha kulima, akawa anayaosha mtoni, kwenye njia ya kwenda mjini. Alikuwa na ndoo, dodoki na sabuni ya mche. Bidii yake ilikuwa inakera.

Siku moja alikuja mwenye duka la vitambaa, Mwislamu wa pale mjini ambaye wazee wake walitoka pwani, na gari lake jekundu alilokuwa amelinunua karibuni. Akamwambia usilioshe tu, ling'arishe, akaenda zake kuswali. Sasa sisi kwetu kitu kinang'arishwaje? Sufuria ikiungua unaisugua kwa majivu na mchanga mpaka inameta. Basi mdogo wangu akatafuta majivu, akachota mchanga wa mtoni, akalisugua lile boneti kwa moyo wake wote. Mwenye gari aliporudi alilizunguka, kisha akauliza, "Kijana, hili ni gari au sufuria ya pilau?"

Hakudai kitu, na hilo ndilo lililomuumiza mdogo wangu. Angetukanwa ingekwisha. Yule mzee alisema tu kwamba kijana ana nguvu ila hajafundishwa, na kwamba Njisi, kwenye barabara ya mpakani, amekuja fundi anayefundisha kazi hiyo kwa ada na kutoa cheti. Tangu siku hiyo mdogo wangu hakuwa na habari nyingine mdomoni. Ada ilikuwa kubwa, thamani ya ng'ombe mzima, na majirani wakawa wanasema huyu ataoa polishi.

Nilipofika Busale baba alikuwa kwenye kigoda chake, anapasua kakao.

"Ugonile," akanisalimu.

"Ndaga, tata."

Akaniangalia shavu. Nilikuwa nimejifunga kanga kichwani na kuivuta upande wa kushoto. Nikamwambia ni jino. Akasema nitafute karafuu.

Baba hakuzunguka. "Huyu ng'ombe alikuja kwa jina lako," alisema. "Ukisema auzwe, nitauza. Ukikataa, basi. Mimi nina wasiwasi tu. Mvua ya Kyela haina likizo. Gari litang'aa asubuhi, mchana limerudi kuwa nguruwe."

"Ndiyo maana litarudi kuoshwa, tata," mdogo wangu akamjibu. Hata mimi nilicheka, ingawa kucheka kuliniumiza taya.

Baba akanigeukia. "Una neno moyoni? Liseme. Mficha uchi ha..." Akajikatiza, akachukua kakao nyingine. Methali yenyewe inaishia kwenye kuzaa, naye alikumbuka anazungumza na nani. Loo, lilinichoma. Nilijua hakukusudia, lakini nilipandwa na hasira palepale, na hasira ndiyo iliyonipa jibu. Nikasema siwezi kuuza ng'ombe kwa maneno matupu, nitakwenda kwanza Njisi nikaone hicho kinachofundishwa. Baba akasifu busara yangu. Busara gani? Nilikuwa nakwenda kutafuta utapeli, na nilikuwa naomba Mungu niukute.

Kesho yake tulikwenda mimi na mdogo wangu. Njia nzima alikuwa ananieleza mambo ya waksi, mambo ya viti, mambo ya dashibodi, kana kwamba ameshayafanya. Mimi nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, huku nikiwaza ng'ombe. Nilimpenda na nilimchukia, vyote kwa pamoja.

Fundi alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyecheka, ametokea Mbeya. Alikuwa na uwanja uliomwagiwa zege, kibanda cha mabati, jenereta, na mashine ya mkono yenye sufu laini mbele. Na pale uwanjani, sijui kwa bahati gani, lilikuwa lile gari jekundu, mwenyewe amekaa kwenye kiti anakunywa kahawa. Alipomwona mdogo wangu akatabasamu. "Karibuni," alisema, "mje muone majivu yenu yanavyozikwa."

Nilimbana yule fundi kwa maswali. Mvua ikinyesha je? Alisema gari lenye waksi maji hayakai, yanateleza, na tope linatoka kirahisi. Dawa zikiisha je, hapa petu hazipatikani? Alisema zitaagizwa Mbeya, na siku hizi kila kitu kinakuja. Nikamuuliza kwa ukali, "Uliowafundisha wako wapi?" Hapo alifikiri. Akasema wawili wanakula kwa kazi hii, wako Tunduma, na mmoja ameacha, anauza samaki. Nilitamani aseme ni ishirini wote matajiri, nimkamate. Hakudanganya. Ilinikasirisha sana.

Kisha akamwonyesha mdogo wangu kazi. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kila baada ya kufuta, kwa sababu mchanga unaobaki kwenye kitambaa ndio unaokwaruza rangi. Alianza juu akashuka chini. Akapaka dawa kwenye boneti, akawasha mashine, akawa anaipitisha polepole bila kukandamiza. Ile mikwaruzo ya majivu ikawa inafifia, inafifia, mpaka ikabaki rangi nyekundu tupu. Mdogo wangu hakupepesa macho. Fundi akampa kitambaa laini na waksi, akamwambia amalizie mlango.

Sijawahi kumwona vile. Alipaka kwa duara ndogondogo, akangoja, akafuta, akainama kutazama kwa ubavu kama pamebaki doa. Mwenye gari aliacha kahawa yake akaja kutazama. "Huyu akifundishwa nitampa gari zangu zote," akaniambia, na fundi akaitikia kwa kichwa. Hapo nilijua sina pa kutokea. Mafunzo yalikuwa ya kweli na mdogo wangu alikuwa na mkono wa kazi ile. Nilijiambia maji nimeyavulia nguo, nitayaoga. Nitakwenda kwa baba niseme auzwe, kisha nitarudi Ikolo nizeekee huko.

Nikasogea nikainama nione kazi yake. Ule mlango ulikuwa unaonyesha sawasawa na kioo. Nilijiona, na kanga ilikuwa imeteleza. Uvimbe ulianzia kwenye taya ukapanda mpaka chini ya jicho, na shingoni zilikuwepo alama za vidole. Nyuma yangu, ndani ya mlango huohuo, nilimwona mdogo wangu ananitazama. Nikavuta kanga upesi. Yeye akakunja kitambaa, akamrudishia fundi, akamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo.

Wakati wa kurudi hakusema lolote juu ya waksi. Nilidhani amechoka.

Baba alikuwa anatungoja. Kabla sijavuta pumzi mdogo wangu akasema, "Tata, ni utapeli."

Baba akaacha kupasua kakao. "Utapeli vipi?"

"Utapeli mtupu. Yale ni mafuta tu anapaka, mvua moja imekwisha. Cheti chenyewe karatasi. Waliofundishwa wanauza samaki."

"Si kweli," nikasema. "Tata, inafaa. Nimeona kwa macho yangu."

"Dada hajui magari," akasema. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kunikatiza mbele ya baba. "Ng'ombe asiuzwe." Akatoka.

Baba alishusha pumzi, uso ukamfunguka. Alikuwa ameomba iwe hivyohivyo, ng'ombe asiuzwe. Mimi nikamfuata mdogo wangu zizini. Nilimkuta anamkuna yule ng'ombe kwenye lile baka la kifuani, amenipa mgongo.

"Kwa nini umedanganya?" nikamuuliza.

"Jino linalokuuma ni la upande gani?"

Nikaivuta kanga ifunike shavu.

"Ng'ombe huyu hapa," alisema. "Usirudi Ikolo. Hata mpunga wako wa shambani waachie."

Nililia pale zizini, nimeshika mti wa lango. Nililia kwa aibu, kwa shukrani, na kwa uchungu wa ule mlango mwekundu. Halafu nikaenda kwa baba, nikafungua kanga, nikamwambia yote.  Alisema, kumbe yeye alikuwa ananiambia nitafute karafuu. Asubuhi alimtuma mdogo wangu pamoja na mzee mmoja wa ukoo wamrudishe ng'ombe kwa mwenyewe, na mpaka mchana mambo yangu na Ikolo yalikuwa yamekwisha.

Nimekaa Busale tangu wakati huo. Baba alinigawia kipande cha kakao, nami sina mkono mbaya shambani. Kakao ilipoanza kupata wanunuzi wa kueleweka niliweka akiba, na siku moja nikampelekea mdogo wangu ada ya yule fundi, yote, nimeifunga kwenye pindo la kitenge. Nilimkuta mtoni, anaosha basi. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, na alikuwa ameanza juu anashuka. Wakati huo mjini kulikuwa na kijana mwingine aliyekwishapata cheti cha Njisi, ana kibao chake cha rangi, na lile gari jekundu lilikuwa linapelekwa kwake.

Nilimwambia fungua, hesabu. Aliitazama ile hela, akaikunja tena kwenye kitenge, akanirudishia.

"Dada," alisema, "si nilikwambia ule ulikuwa utapeli?"

Akarudi kwenye basi lake. Huyu ni mtu ambaye watu wa Busale humwita shahidi wakigombania mipaka ya mashamba, kwa kuwa hasemi uongo. Huo ndio uongo pekee niliowahi kuusikia kinywani mwake, na mpaka leo hajauacha.