Bao la Huruma

Laurette alikuwa na miaka hamsini na minane alipowekewa goti la chuma. Daktari alimwambia atembee na aogelee ziwani, lakini handiboli aisahau. Alifanya mazoezi mwaka mzima, kisha Jumamosi moja akarudi mazoezini kwenye uwanja wa Kasenga, kwenye timu ya akina mama aliyoichezea tangu ujana.

Walimpokea kwa makofi. Alipopata mpira, Déborah, mwenzake aliyepangwa upande wa pili, ambaye miaka yote alikuwa akimvuta jezi na kumsukuma bila haya, alisogea pembeni. Laurette akarusha mpira dhaifu. Golikipa aliutazama tu ukiingia, na wote wakashangilia.

"Déborah, juu ya nini haukunizuia?"

"Yaya," Déborah alimwita kama dada mkubwa, "minye naogopa. Mu goti yako iko chuma."

"Basi weye unacheza na chuma, hauchezi na minye."

Laurette alijifunga kitenge juu ya kaptula, akaenda kwake Kilibula kwa miguu. Njiani goti halikumuuma hata kidogo. Alilia kwa hasira.

Jumamosi iliyofuata wenzake walimtuma Déborah amwombe awe mwamuzi, apulize filimbi tu. Laurette hakumfungulia mlango.