Boma Lililongoja Reli

Wapimaji walifika kwetu mwaka ambao chuo kikuu kilifungwa na sisi wanafunzi tukarudishwa nyumbani kwa muda usiojulikana. Nilikuwa mwaka wa pili, nikisomea uchumi, na kwa wiki tatu sikuwa na kazi zaidi ya kusoma magazeti ya zamani na kumsaidia Mama kuanika mpunga. Nyumbani kwetu ni katika uwanda wa Kano, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Ahero, ambako ardhi ni bapa kiasi kwamba maji ya masika hukaa siku kadhaa kabla ya kuamua yaelekee wapi. Shamba letu lilikuwa na mwinuko mmoja tu, usiozidi kimo cha mtu mzima. Wapimaji walipigilia vigingi vyao, vilivyopakwa rangi nyekundu vichwani, juu ya mwinuko huo.

Walikuwa wanne. Mkubwa wao, mtu mpole mwenye kofia ya turubai, alitueleza kwamba serikali ilikuwa ikifikiria kujenga reli mpya kutoka Nairobi hadi ziwani. Ingekuwa njia iliyonyooka, isiyozunguka kila kilima kama ile ya zamani, na treni zake zingekwenda kwa kasi ambayo nchi yetu haijapata kuiona. Safari ya usiku kucha ingekuwa safari ya asubuhi moja.

Majirani walikuwa wamekusanyika, na hawakuwa watu wa kumwacha mgeni azungumze peke yake.

"Kwa hivyo nikimimina chai hapa, nitaimalizia Nairobi kabla haijapoa," jirani mmoja alisema.

"Chai yako haina sukari," mkewe akamjibu. "Huko Nairobi nani ataitaka?"

Mama, ambaye kila wiki alipanda treni ya zamani pale kituo cha Kibos na magunia yake ya omena, wale dagaa wa ziwani, aliuliza swali moja tu. "Hiyo ya mbio itasimama Kibos?"

Mpimaji alitabasamu. "Mama, ikisimama Kibos haitakuwa ya mbio tena."

"Basi ni ya watu wengine," Mama akasema, akarudi kwenye mpunga wake.

Niliona haya kwa ajili yake. Nilidhani amezungumza kama mtu asiyeona mbali. Muhula uliotangulia nilikuwa nimeandika insha ndefu kuhusu faida ambazo nchi hupata inapounganisha miji yake kwa njia za haraka, na mwalimu wangu aliisifu mbele ya darasa. Sasa wazo lile lilikuwa limetoka kwenye karatasi na kuja kusimama katika shamba la baba yangu, likiwa na vichwa vyekundu. Nakiri kwamba niliona fahari, kana kwamba mimi ndiye niliyelialika.

Hata hivyo mwinuko ule ulikuwa na mwenyewe. Kaka yangu mkubwa, ambaye alilima mpunga katika skimu ya umwagiliaji ya Ahero, alikuwa na mke na watoto watatu, lakini bado aliishi katika nyumba ya ujanani, karibu na lango la Baba, sehemu ya chini ambako maji huanza kuingia. Ulikuwa umefika wakati wa kuanzisha boma lake mwenyewe, na kwetu jambo hilo mtu halifanyi peke yake. Siku ikishachaguliwa, baba hutangulia alfajiri. Mwana humfuata na jogoo, mtoto wake wa kiume hubeba shoka, na mkewe hubeba moto. Baba ndiye huonyesha mahali, na ndiye huchimba shimo la nguzo ya kwanza. Kufikia jioni nyumba huwa imesimama, hata kama ni ndogo, na familia hulala humo. Boma la namna hiyo huanzishwa mara moja. Kulivunja na kulihamisha ni jambo zito ambalo hakuna mzazi anayelitakia mwanawe.

Baba alikuwa ameshachagua mwinuko ule, na siku ilikuwa imepangwa baada ya mavuno yale yale. Vigingi vilifika kwanza.

Kesho yake Baba aliniita tuketi kando ya ghala. Alikuwa nyapara mstaafu wa genge la reli. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa ametembea kipande chake cha njia kati ya Kibos na Miwani kila asubuhi, akigonga vyuma kwa nyundo na kusikiliza, na aliweza kujua kwa mlio tu taruma lipi la mbao limeoza chini ya chuma. Kama kulikuwa na mtu kijijini aliyestahili kuulizwa kuhusu reli, ni yeye. Lakini yeye ndiye aliyeniuliza mimi.

"Wewe ndiye unayesomea mambo haya," alisema. "Hii reli itajengwa?"

"Itajengwa, Baba. Nchi haiwezi kuendelea na ile ya zamani."

"Ile ya zamani imewashinda kuikatia nyasi. Mimi nimeona reli ikitengenezwa. Mtu anayetaka kujenga huleta kokoto kwanza. Hawa wameleta vijiti."

Nilimweleza kwa upole wa mtu anayejua. Nilimwambia kwamba mradi mkubwa huanza kwa vipimo, kisha ripoti, kisha fedha, na kokoto huja mwisho. Nilimwambia kwamba kaka akijenga sasa, tingatinga litakuja kubomoa boma lililoanzishwa kihalali, na hilo litakuwa balaa kubwa kuliko kungoja. Nilisema fidia itatuwezesha kununua mwinuko mwingine mkubwa zaidi. Nilimwomba mwaka mmoja tu.

"Mwaka mmoja," akasema.

Jioni ile alimwambia kaka kwamba jogoo asubiri. Kaka hakubisha. Mimi nilikuwa mdogo wake, na isitoshe nisingeweza kuanzisha boma langu kabla ya lake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunishuku kwamba nafanya hila. Sikuwa na hila. Nilikuwa na imani, na nilifurahia kusikilizwa.

Mwaka ule ulipita, na mwingine, na mingine. Chuo kilifunguliwa, kikafungwa, kikafunguliwa tena. Nilihitimu. Mchwa walikula baadhi ya vigingi, vingine majirani waling'oa wakafungia mbuzi. Kila nilipokuja likizo kaka aliniuliza habari za reli, nami kila mara nilileta jambo la kutia moyo: kuna wageni wamekuja kuiangalia, kuna hotuba imeitaja, mpango ungali mezani. Baba angeweza kumwambia kaka ajenge wakati wowote. Lakini kila alipokaribia kusema hivyo, mimi nilifika na habari nyingine mpya.

Wakati huohuo maji yaliendelea kuja. Masika moja nilimkuta shemeji, mke wa kaka, amekiinua kitanda juu ya matofali, watoto wote wako juu yake, na vyungu vinaelea chini.

"Karibu, shemeji," alinikaribisha akiwa amesimama ndani ya maji hadi kwenye vifundo. "Treni yako imefika. Imeleta ziwa lote mpaka kitandani."

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Kisha nikavua viatu nikamsaidia kuteka maji kwa sufuria, na wakati nikiteka nilimweleza, naapa nilimweleza, kwamba jambo hilo litakwisha reli itakapokuja.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipata kazi katika ofisi moja ya mipango jijini Nairobi. Mwezi wa Machi, mwaka wangu wa pili wa kazi, faili lilipita mezani kwangu likiwa na ripoti nene kuhusu njia ya reli ya kasi hadi ziwani. Niliisoma yote kwa siku moja. Ilihitimisha kwamba gharama ingezidi faida kwa miaka mingi ijayo, kwamba abiria wenye uwezo wa kulipa nauli yake walikuwa wachache mno, na kwamba mpango uwekwe kando. Pembeni mkubwa mmoja alikuwa ameandika kwa kalamu ya kijani kwamba anakubali. Tarehe ya kukubali kwake ilikuwa imepita siku nyingi. Tulikuwa tumengoja kitu ambacho kilikwisha kukataliwa.

Ningeweza kuandika barua siku ile ile. Basi la kwenda Kisumu lilikuwepo kila jioni. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilijiambia kwamba habari kama ile haifai kwa barua. Nilijiambia kwamba nitaileta Krismasi pamoja na mabati ya nyumba ya kaka, ili nikisema nilikosea niwe na kitu mkononi. Ukweli ni kwamba sikujua nitasimamaje mbele ya baba yangu, aliyejua tangu siku ya kwanza, nimwambie kwamba alijua.

Mwezi wa Agosti nilikwenda nyumbani kwa siku mbili. Baba alikuwa amekonda na alikuwa akikohoa. Tulipokuwa tukila, kaka aliuliza swali lake la kila mara.

"Bado wanaiangalia," nilijibu.

"Waangalie tu," Baba akasema. "Macho hayatozwi kodi."

Alifariki mwezi wa Novemba, katika mvua za vuli, kabla ya mabati.

Baada ya mazishi na siku zake zote, baba mdogo alichukua nafasi ya kaka yake, kama desturi inavyoruhusu, na alfajiri moja akamwongoza kaka kwenye mwinuko. Jogoo alikuwepo, shoka lilikuwepo, shemeji alibeba moto. Lakini baba mdogo alikuwa ameishi maisha yake yote upande wa Kisian na hakuijua ardhi ile. Alisimama katikati ya giza na mwanga akiuliza, "Alisema wapi hasa?" Hakuna aliyeweza kujibu. Baba alikuwa ameipima sehemu yake kwa hatua zake mwenyewe, na hakuwa amemwonyesha mtu, kwa kuwa kuonyesha kulikuwa ndiyo kazi ya siku yenyewe. Baba mdogo alichagua kwa jicho. Nyumba ilisimama kabla ya jioni, hatua chache chini kuliko ilivyopaswa, kama maji yalivyokuja kutuonyesha.

Watu huniuliza siku hizi, wakijua nilichosomea, kama treni ya kasi inastahili gharama yake katika nchi kama yetu. Huwa najibu kwa makini zaidi kuliko zamani. Sidhani insha yangu ilikuwa ya uongo: nchi iliyogawanyika kwa umbali hulipa bei ya umbali huo kila siku, na huenda reli iliyonyooka ingetubadilishia mengi. Wala sidhani ripoti ile ilikuwa ya uongo. Ninachojua ni kwamba zote mbili, insha na ripoti, hazikuwa na ukurasa wa mama aliyeuliza kama itasimama Kibos, wala wa watu wanaoacha kujenga kwa sababu wameambiwa kitu kikubwa kinakuja. Mpango huanza kugharimu siku unapotangazwa. Haijalishi kama utajengwa. Na wakati ule ule ambapo sisi tulikuwa tunajadili treni ya kesho, ile ya Mama ilikuwa inapungua, safari moja baada ya nyingine, mpaka akaanza kupeleka omena zake kwa barabara, kwa nauli iliyokula nusu ya faida. Hakuna mkutano ulioitishwa kuhusu hilo.

Mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya tisini zilifikisha maji kwenye kizingiti cha kaka, kisha ndani. Yalipopungua nilikwenda kumsaidia. Tulikuwa tukikwangua tope sakafuni kwa majembe, mimi na yeye, katika chumba cha mbele, nilipomwambia. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimechoka, na ukuta ulikuwa na mstari wa tope usawa wa goti langu.

"Ulijua lini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Machi."

"Machi ya mwaka aliokufa Mzee."

"Ndiyo."

"Na Agosti ukasema bado wanaiangalia."

"Nilisema hivyo."

Aliegemea mpini wa jembe. Nilitarajia anitukane, na ningeshukuru.

"Mzee alijua," alisema. "Si kuhusu ripoti. Kuhusu wewe. Ulipoondoka Agosti ile nilimwambia, twende tu, tujenge, huyu hana jipya. Akakataa. Akasema, huyu mtoto amerudi na kitu ambacho hajui kukisema. Tukijenga sasa tutakuwa tumemwaibisha. Atakuja Krismasi aseme mwenyewe, halafu tutajenga."

Nje, shemeji alikuwa akiwaamrisha watoto waanike magodoro juu ya ua.

"Kwa hivyo, omera," kaka akasema, akitumia neno letu la ndugu kwa ndugu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "mwishoni hatukuwa tunangoja reli. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Nilibeba ndoo ya tope nikaitoa nje, na niliporudi alikuwa amehamia chumba cha pili na ameanza upya, akianzia kwenye kona.