Tero Buru ya Wataliano

Dunia ilikuwa imeisha mwaka uliotangulia. Hivyo ndivyo kaseti ilisema. Mwaka wenyewe ulitokea pale mwanzo kwa nambari kubwa nyekundu, moto unawaka nyuma yake, na jamaa mmoja kwenye benchi akapiga kelele, "Aa! Huo si ndio mwaka nilioa?"

"Ndiyo maana dunia iliisha!" mwingine akamjibu, na ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko.

Huo ukumbi wa video ulikuwa wa rafiki yangu, hapo nyuma ya soko ya Migori. Mabati juu, mabati kando, dirisha tumeziba na magunia ndiyo jua ya Jumapili mchana isiingie. Yeye alikuwa na deki, televisheni na jenereta. Mimi nilikuwa na mdomo. Nilikuwa nakaa kando ya televisheni na maikrofoni, natafsiri. Shule niliacha mapema, lakini Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia nyama, na ukiniambia sijui tungeweza kupigana. Tena nilipigana, mara nyingi.

Shida ni kwamba kaseti zingine zilikuja kutoka Isebania zikiwa za Kitaliano tupu. Kitaliano mimi sijui hata salamu. Sasa nifanye nini, niwarudishe watu nyumbani? Nilikuwa natafsiri tu. Mtu akifungua mdomo kwa televisheni, mimi pia nafungua.

Na hizo za Kitaliano ndizo nilipenda kuliko zote, ingawa niliona haya kusema. Zilikuwa mbaya, omera, ndugu yangu, mbaya sana. Dunia imeungua, imebaki mchanga, lakini huo mchanga ni wa timbo la kuchimba mawe, na ukiangalia nyuma kabisa unaona lori inapita polepole na mzigo wake, dereva hana habari kwamba dunia iliisha. Gari ya adui ni gari ya kawaida ya kubebea mboga, wamechomelea mabati na misumari. Gari hiyo ililipuka mara tatu na kila mara ikarudi. Kulikuwa na jamaa wa masharubu aliyekufa kwa daraja, baadaye akatokea amevaa kofia, akafa tena. Akirudi tulikuwa tunamsalimia wote pamoja: "Karibu tena, shemeji!" Mabegani wamefunga vipande vya tairi. Kichwani manyoya. Bunduki inalia kama kifaranga.

Mtu mwenye akili zake angezima. Mimi nilikuwa nakaa pale roho imejaa. Ilionekana wazi kwamba hawa watu hawana kitu, na hawaoni haya. Wameambiwa, "Nendeni mtengeneze mwisho wa dunia," wakaenda na masufuria ya mama zao.

Sasa, baba ya rafiki yangu alikuwa anakuja akitoka kanisani. Mzee wa kofia na fimbo. Alikuwa anakalia kiti cha pekee chenye mgongo, hapo mbele, na alikuwa hacheki. Sisi wengine tukicheka, yeye anaangalia sawasawa, kama mtu anasikiliza kesi.

Jumapili hiyo nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba hawa wazungu wanagombania petroli. Nilibahatisha tu. Mara kiongozi wao, yule wa manyoya, akasimama juu ya gari, akainua mkuki, akalia maneno fulani. Mimi nilisikia kama "tera bruchata". Akarudia. Pikipiki zote zikawaka, vumbi ikapanda, wanaume wakaanza kukimbia na mikuki wakipiga mayowe.

Mzee akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza namwona anasimama katikati ya sinema.

"Mmesikia?" akasema. "Huyo mzungu amesema tero buru!"

Kama wewe si mtu wa kwetu, nikuambie. Mwanamume mzima akifa, vijana na wazee wanatoka na ng'ombe, mikuki na rungu, wamejipaka udongo, wamejifunga majani, wanakimbia mpaka mpakani mwa kijiji wakipigana na hewa. Wanafukuza kifo kitoke kwa boma. Hiyo ndiyo tero buru. Na ukiangalia televisheni wakati huo, wallahi, ni nini ilikosa? Mikuki iko. Manyoya iko. Vumbi iko. Ng'ombe tu.

Mzee akanigeukia. "Nyathina, mwanangu, tafsiri vizuri. Nani amekufa?"

Watu wote wakaniangalia. Ningesema nini? Nimwambie mzee wa watu amesikia vibaya mbele ya vijana?

"Chifu wao, jaduong'," nikasema. "Chifu wao amekufa asubuhi."

"Aa." Akavua kofia. Akakaa. Na hakuivaa tena mpaka sinema ikaisha.

Kutoka siku hiyo watu hawakutaka kaseti ingine. Walikuja na filimbi, na pembe za ng'ombe. Mimi nikaitia chumvi kila Jumapili. Jamaa wa masharubu akawa mkwe wa marehemu. Gari ya misumari ikawa ndume wa kuchinjwa. Mzee aliangalia yote bila kofia.

Kisha yeye mwenyewe akafa. Aliugua kifua muda mfupi tu.

Rafiki yangu alikuwa kifungua mimba, kwa hivyo mambo mengi yalimwangukia. Mimi nikasema moyoni, huyu ni baba yangu pia, hataenda kama mtu wa hivi hivi. Sikumwuliza mtu. Nilikusanya vijana wa boda boda na baiskeli zao, tukazifunga mabati, tukakata tairi za mabega, mmoja akavaa sufuria kichwani. Tukafika bomani siku ya kufukuza kifo tukipuliza pembe, mimi mbele na kipaza sauti ya ukumbi.

Mwanzoni watu walishangilia. Hata mama mmoja alipiga vigelegele. Lakini katikati ya mbio, yule wa sufuria akajirusha chini, akafa kama jamaa wa masharubu, akaamka, akafa tena. Na mimi, huu mdomo wangu, nikasema kwa kipaza sauti, "Karibu tena, shemeji!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ng'ombe zikatawanyika kwa shamba ya mahindi. Tulipofika kwa mtaro wa mpakani, pale ambapo unafaa kukasirikia kifo, hakuna mtu aliyekuwa na hasira. Mikuki ilikuwa imeshuka. Tulikuwa tunapangusa machozi ya kicheko.

Ndugu mdogo wa marehemu ndiye alikuwa amebaki mkubwa wa boma. Alitusimamisha.

"Kifo hakifukuzwi na kicheko," alisema polepole. "Mmekirudisha nyumbani kwa ndugu yangu."

Hapo ningeomba msamaha, mambo yangeisha. Lakini mimi moto hunipanda haraka. Nikamwambia, bado kwa kipaza sauti, "Wewe ulikuwa wapi Jumapili? Huyu mzee tulikaa naye sisi. Alipenda hii kuliko alivyokupenda wewe!"

Alikusanya ng'ombe zake na watu wake, wakaondoka kabla chakula haijapakuliwa. Nyama ilibaki. Nakumbuka sufuria ya nyama imejaa na hakuna mikono. Rafiki yangu alisimama kando yake akiangalia barabara, na mimi nikamsubiri aniambie kitu. Anitukane. Alisema tu, "Rudisha kipaza sauti."

Nikaona amenikataa. Nikakasirika, tena nikahamia Homa Bay, nikapata ukumbi mwingine karibu na ziwa, natafsiria wavuvi wa visiwa vya Mfangano na Takawiri wakisubiri boti. Muda mrefu hatukusalimiana.

Huko ndiko ile kaseti ilinipata tena, safari hii imetiwa sauti ya Kiingereza. Nilikaa peke yangu mchana, kabla ya wateja, nikaiangalia. Kiongozi wa manyoya akapanda gari, akainua mkuki, na akasema ardhi imeungua, twendeni tukachukue petroli. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa tero buru yetu. Hakuna chifu. Hakuna mtu aliyekufa asubuhi. Nilikuwa nimebahatisha sawa mara ya kwanza, halafu nikabadilisha.

Nilizima, nikaiweka kaseti chini ya godoro. Sikuwahi kuionyesha.

Wiki hiyo hiyo bibi ya rafiki yangu alipita Homa Bay kununua samaki. Nikamwuliza, "Shemeji, mmejenga?"

"Tujenge na nani?" akasema, hakuniangalia. Kwetu mwanamume hafungui boma peke yake. Baba yake anatangulia naye kwa ile ardhi mpya asubuhi, na jogoo, shoka na moto. Baba akiwa amekufa, ni baba mdogo. "Baba mdogo amesema atakuja siku bwana yangu atasema mbele ya ukoo kwamba wewe ulinajisi kilio, na kwamba si rafiki yake tena."

"Na yeye amesema nini?"

"Amekataa. Kila mara wakimwita, anakataa. Tunalala kwa chumba ya kupanga Migori, watoto wamekua mpaka miguu inatoka nje ya kitanda, na yeye anasema, 'Huyo ni osiepna.' Mimi sijui huo urafiki ni wa aina gani."

Nilikuwa nimezoea kujiita mimi ndiye mtu wa kusimama na watu wake. Nilibaki pale na samaki yake mkononi kama mjinga.

Nilienda kwa huyo baba mdogo bila kumwambia mtu. Nilimkuta anakamua ng'ombe. Nikapiga magoti kwa matope ya zizi na nikaomba msamaha, maneno machache, ya kwanza machache maishani mwangu. Aliendelea kukamua. Kisha akasema:

"Ndugu yangu aliniambia habari ya hiyo sinema. Alikuja hapa usiku huo huo. Alifurahi sana. Alisema, 'Kumbe hata wazungu hukimbiza kifo. Kumbe hatuko peke yetu.' Mpaka kitandani akiugua alikuwa anasema hivyo." Akanyanyua kibuyu. "Sasa wewe ndiye ulikuwa unajua lugha yao. Niambie ukweli. Nani alikuwa amekufa?"

Nilikuwa nimekuja kusafisha kila kitu. Nilikuwa na ukweli mdomoni, uko tayari: petroli. Nikamwangalia, na nikamwona ndugu yake kwenye kile kiti cha mgongo, kofia magotini.

"Chifu wao," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. "Basi mwambie kijana atafute jogoo."

Boma ya rafiki yangu iko. Mlango unaangalia mtaro ule wa mpakani ambapo tulichekea. Nikienda huko napewa samaki, ngege mzima, na ugali ya mtama, na rafiki yangu ananipigapiga mgongoni. Baba mdogo akiwa hapo na wageni, lazima awaambie habari ya wazungu wa tero buru, vile chifu wao alikufa asubuhi. Akimaliza ananigeukia.

"Si ndivyo, mtafsiri?"

Mimi natikisa kichwa kukubali, natafuta mfupa kwa samaki.