Shemeji na Gia Yake ya Sakafuni

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na gari kuukuu ambalo gia yake ilikaa kwenye usukani, na hilo lilimnyima usingizi. Nchi nzima inahangaikia sukari, yeye anahangaikia gia! Eti gia ya usukani ni ya madereva wa teksi. Akalipeleka gereji, mtaa wa Gerezani, fundi akatoboa sakafu na kupachika mkono wa gia aliong'oa kwenye gari bovu, wenye kirungu cheusi kinachong'aa. Fundi alimweleza namba moja iko wapi na rivasi iko wapi. Shemeji alikuwa anapapasa kirungu, hakusikia kitu.

Akaja nalo moja kwa moja hadi duka la ushirika, mtaani kwetu Kariakoo, ili tulione. Foleni ya sukari tulikuwa tumeipanga kwa mawe, kama kawaida: kila mtu na jiwe lake, mwenyewe amekaa kivulini. La dada lilikuwa la kwanza. Alilileta kabla ya adhana ya alfajiri. Shemeji akasimamisha gari mbele ya mawe, akapiga honi tumtazame, kisha kwa mbwembwe akatia namba moja aondoke. Gari likarudi nyuma, likayasomba mawe yote.

Matusi tuliyoyasikia siyarudii. Mawe yakapangwa upya, na ikaamuliwa kwa sauti moja la dada liende mkiani. Alipokuwa analibeba kwenda huko, mumewe akachungulia dirishani.

"Mama watoto, umeona inavyoingia laini?"