Mabua ya Mama Unguja

Safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Dodoma, na nilirudi siku ileile kwa kuwakumbuka mbuzi wangu. Bahari nimeiona kwenye kalenda. Hata hivyo hapa kijijini Issuna, Singida, wananiita Mzanzibari, maana mama yangu alizaliwa Unguja, kusini kule, akaolewa na baba, askari Mnyaturu aliyepelekwa kisiwani miaka ya mwanzo ya Muungano. Tangu aje huku hajarudi kwao.

Alichokuja nacho ni mwaka wao. Ikifika mwezi wa saba, kwao watu huuaga mwaka kwa kuchapana migomba, kila mtu anamtolea mwenzake dukuduku lake, kisha yanaisha. Issuna migomba haistawi, kwa hiyo mama akachukua mabua ya uwele. Bua kavu huvunjika kabla hujaumia, ila linawasha. Majirani walijaa uani kutazama, wakisema Mama Unguja anamfukuzia mtoto nyuki. Mimi nilichapwa kila mwaka kwa kosa lilelile, la kukaa ndani kama chungu. Nami nilimrudishia taratibu, kwa sababu ni mama, na kwa sababu baada ya hapo kulikuwa na wali.

Baba akafariki, ndugu zangu wakahamia mijini. Tukabaki wawili, kikongwe na mzee mtarajiwa, tunachapana mabua. Niliona aibu, lakini sikuthubutu kuacha. Mama alikuwa anangoja jambo moja tu: mtu wa kwao aje, aone, aseme huyu bado ni wetu.

Mwaka jana akaja. Alikuwa binti wa marehemu mama yangu mdogo, ana semina Singida mjini. Mama alinituma gulioni kutafuta nazi, nikarudi na moja, na yenyewe ilikuwa imeoza. Mgeni akaamkia kwa heshima zote, akala wali mkavu bila kulalamika. Alipomaliza, mama akaninyooshea bua.

Tukachapana. Mgeni alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akatoa simu. Nilidhani anataka kutupiga picha akawaonyeshe nyumbani. Kumbe alitaka kumwonyesha mama jinsi mambo yanavyokwenda siku hizi: jukwaa, spika, watalii na kamera zao. Mama aliisogeza simu karibu na macho, akatafuta sura anayoijua, asiione.

"Sasa mimi," akauliza, "ningekuwepo hapo ningesimama wapi?"

Binti akamshika mkono. Hakuwa na ubaya wowote.

"Mama mkubwa, wewe tungekuweka kwa wageni. Wewe si mtu wa bara sasa? Hata kusema unasema kibara."

Tulicheka wote. Mama naye alicheka, kama mwenyeji mwenye adabu.

Mwezi wa saba mwaka huu nilikwenda shambani mwenyewe bila kutumwa, jambo ambalo si la kawaida yangu, nikachagua mabua manene, nikayaweka mlangoni kwake. Nilikuwa na dukuduku la kumtolea, hata nilishalipangia maneno. Akayatazama tu.

"Wape ng'ombe," akasema. "Wao watayatumia."

Nikawapa. Jioni jirani akapita njiani, akamwamkia kama siku zote, shikamoo Mama Unguja. Mama hakuitika. Jirani akadhani masikio yameanza kuchoka, akarudia kwa sauti zaidi.