Neno Alilolisikia Baba Wodini

Papai likiiva sana hutoa harufu nzito, tamu, inayokaribia uvundo. Kila nikilipasua hunijia sauti ya baba: "Usilitaje hilo kwa Wakuba!" Hucheka peke yangu, kisu mkononi. Halafu kicheko hukatika, maana nyuma ya papai lile kuna kitanda cha hospitali, na kitandani yupo mama.

Tulikaa Kilosa, enzi za Ujamaa, sukari ikipatikana kwa mgawo na kila mtu akiitwa ndugu. Baba alikuwa dereva wa Landrova ya hospitali. Walipoletwa madaktari kutoka Kuba, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwazungusha vijijini, Masanze, Chanzuru, hadi Ruhembe kwenye miwa. Safari zilikuwa ndefu na wageni wale hawakuwa watu wa kunyamaza, basi haukupita muda mrefu baba akawa anakisema Kihispania chao vizuri kuliko Kiingereza alichofundishwa misheni. Aliowazoea zaidi ni wawili: Daktari Ramoni, mtu mnene mwenye sigara isiyowashwa mdomoni, na nesi aliyeitwa Karidadi. Huyo mji mzima ulimwita Nesi Maridadi, naye akaitika.

Jioni, nikichambua mchele, baba alinifundisha.

"Kwao kila kitu ni dume au jike," alisema. "El ni dume, la ni jike. Ukichanganya umekwisha. El papa ni Baba Mtakatifu wa Roma. La papa ni kiazi."

"Kwa hiyo ukikosea unamchemsha Baba Mtakatifu?" mama aliuliza, akacheka hadi akashika ubavu.

Makosa yake mwenyewe hakuyaficha. Aliwahi kuwatakia Wakuba heri ya mwaka mpya mbele ya wakubwa wa wilaya, akasahau kwamba neno lao la mwaka lina "ny" na si "n". Neno likahama kutoka kwenye kalenda likaenda makalioni. Lakini kosa la papai ndilo lililovuka mipaka. Mama alikuwa amewatumia Wakuba sinia la mapapai yaliyomenywa. Baba akasimama mlangoni kwao na kutangaza kwa furaha kwamba amewaletea papaya ya mke wake. Nesi Maridadi alikimbilia ndani. Daktari Ramoni akamvuta baba pembeni, akamnong'oneza kwamba kwao Kuba hilo ni jina la uchi wa mwanamke, tunda lenyewe wana jina lake jingine. Baba aliporudi akamsimulia mama kwa sauti ya chini, akidhani sisikii. Mama alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, mkono ubavuni.

Kicheko kilikwisha. Mkono ukabaki palepale.

Masika yale mama alilazwa. Daktari Ramoni alimpasua, akamshona upesi kuliko tulivyotarajia. Siku chache baadaye, asubuhi, mimi na baba tulikuwa tumekaa kando ya kitanda. Daktari na nesi wamesimama dirishani, wanasemezana kwa lugha yao, sauti ya chini. Nikasikia wakitaja "kura", na kabla yake lile neno lao la kukataa, bila el wala la. Mimi niliyejua kura za uchaguzi tu, zile tulizoimbishwa shuleni, nikashangaa zinahusiana nini na tumbo la mama.

Baba alisimama ghafla.

"Wanasema hakuna padre," aliniambia. "Kura ni padre. El kura."

Na kweli padre wetu alikuwa vigangoni, mbali. Wa karibu alikuwa Mikumi. Baba akawaendea pale dirishani, akasema anakwenda kumfuata el kura, apewe gari. Nesi Maridadi alifungua kinywa, daktari akamshika kifundo cha mkono. Daktari yule, ambaye kila mtu alijua kwamba haingii kanisani, alimtazama baba kwa kitambo, kisha akatoa ufunguo kwenye koti lake jeupe na kumwekea kiganjani. Baba akatoka bila kugeuka.

Mama alifumbua macho. "Baba yako kaenda wapi?"

"Mikumi, kumleta padre."

"Na matope yote yale?"

"Amesema atarudi upesi."

"Haya. Basi nishike mkono wewe."

Mchana aliniuliza tena, na baadaye tena. Kisha akaacha kuuliza. Alasiri mvua ilianza kupiga mabati kwa kishindo; mama akasogeza midomo, nami nikainama nimsikie, lakini sikupata kitu. Nilipoinuka alikuwa amekwisha kwenda.

Baba alifika jua linazama, matope hadi magotini. Gari lilinasa njiani, yeye na padre wakamalizia kwa miguu. Nesi Maridadi alimpokea mlangoni akilia. Baba akampita, akaenda kitandani. "Padre yupo hapa," alimwambia mama taratibu, kama mtu anayemwamsha mwenzake. Padre akasali.

Matangani habari ilienea, maana nesi aliwaeleza watu: el kura ni padre, lakini la kura ni uponyaji. Daktari alikuwa amesema ugonjwa ule hauna tiba. Shangazi alijipiga paja. "Kihispania kimemponza kaka yangu! Asingekijua, si angekaa na mkewe?" Nami nililiamini hilo. Nilikataa kufundishwa maneno tena, na baba hakunilazimisha. Wakuba nao wakamaliza muda wao, wakarudi kwao.

Niliishi na simulizi hiyo hadi nikaolewa na kuzaa. Siku moja nilikwenda kumwona baba, mzee sasa, amerudi kwenye shamba la kwao juu ya Kidodi. Alikuwa akiwahesabia wajukuu kwa Kihispania, nao wanamwiga na kuangua vicheko. Walipokwenda kucheza nikajikuta nauliza.

"Baba, la kura ulikuja kuijua lini?"

"Mapema tu. Nimewabeba wagonjwa wangapi na yule daktari? Neno hilo nililisikia kila mara."

"Sasa siku ile…"

"Siku ile nilisikia sawasawa, mwanangu. Lakini mama yako alikuwa ananitazama. Sijawahi kumficha kitu yule, uso wangu aliusoma kama bango. Ningebaki pale angejua. Nikatafuta pa kuupeleka uso wangu."

"Ukaenda mpaka Mikumi."

"Mikumi kulikuwa na padre. Dawa haikuwapo Mikumi wala kwingine."

Ndipo nilipomwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia miaka yote ile. "Alikuulizia."

"Alisemaje?"

"Aliuliza tu umekwenda wapi. Nikamwambia umemfuata padre. Baadaye akaacha kuuliza."

"Basi alikwisha jua," baba alisema.

Utotoni nilidhani baba alipotezwa na neno asilolijua. Kumbe alilijua hata likamtoa nje, na mama, aliyeachiwa kiti kitupu ubavuni pake, alilisoma palepale. Kila mmoja alijitahidi kumfichia mwenziwe kitu ambacho wote wawili walikuwa nacho, nami nimekaa katikati yao, nimeushika mkono wa mmoja, sijui lolote.